Chupa Namba Tatu na Breki za Baba Mkwe

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi! Ufunguo wa gari la baba mkwe uko mfukoni mwangu. Si mfukoni mwa shemeji. Mwangu mimi.

Baba mkwe amekwenda kufanyiwa operesheni ya macho, mama mkwe kamsindikiza. Watarudi Jumapili ya tarehe kumi na saba, kwa treni ya mchana. Gari limebaki kwenye banda lao, ng'ambo tu ya ua wetu. Limemzidi mke wangu umri. Taa za mviringo, bampa za kung'aa, na mlango ambao ukifungwa unatoa mlio wa heshima. Mtaa mzima hauna jingine.

Kabla ya kuondoka alituita mimi na shemeji, kaka yake mke wangu. Akasema umri umekwenda na gari linataka mtu. Siku ya kurudi nikawapokee nalo stesheni, niwateremshe mlima wote hadi nyumbani, na tukifika ataamua anamwachia nani. Masharti mawili tu: nipashe injini moto kila baada ya siku mbili, na nisiguse kitu kingine chochote.

Shemeji akauliza, mbele ya watu, kama hilo la pili niandikiwe kiganjani. Watu wakacheka. Mke wangu pia. Nimeliweka moyoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeingia bandani kupasha injini. Injini safi. Lakini ile rafu ya ukutani! Aibu tupu. Makopo yenye kutu, chupa zenye vumbi, galoni lililofungwa kwa kitambaa. Mzee wa watu anaishi hivi na mkwewe ni mtunza stoo! Miaka kumi na minane natunza stoo ya vifaa vya ofisi. Hata pini kwangu zina safu yake.

Nimepata wazo. Akirudi na macho mapya, kitu cha kwanza kuyafurahisha kitakuwa rafu hiyo. Gari litakuwa langu kabla hajaketi.

Nilikwenda kununua chupa tisa za kioo, zote sawa, vifuniko vyeupe. Nikamimina kila kopo kwenye chupa yake na kuzipanga kwa rangi, nyepesi kushoto, nzito kulia. Zinapendeza, jamani! Kila chupa nimeibandika namba. Majina nitayachapa kesho ofisini, kwa herufi za kueleweka. Yote nayakumbuka. Kichwa changu ni daftari.

Makopo matupu nimeyapeleka kwenye gari la taka, na limeondoka nayo.

Ijumaa, 8 Agosti

Mashine ya kuchapa imeharibika ofisini. Si neno, nakumbuka.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimetulia kabisa. Nimetulia.

Asubuhi nilipasha injini, kisha nikalisogeza gari hatua mbili mbele na mbili nyuma ili matairi yasichoke. Baba mkwe hakusema kusogeza ni kugusa. Nikafungua boneti, kutazama tu. Karibu na kioo cha mbele kuna vikopo viwili vya chuma, mapacha, bega kwa bega. Kimoja kilikuwa kimejaa. Cha pili mafuta yameshuka chini ya mstari. Mafuta ya breki! Hilo najua, kila mtu anajua vikopo vile ni vya breki. Nikajiona mkombozi. Fikiria ningewateremsha wazee mlimani na breki kavu.

Basi nikaenda rafuni kuchukua mafuta ya breki. Hapo daftari langu likakosa ukurasa. Namba mbili, tatu na nne zote ni njano njano. Nikazinusa moja moja. Nikazitazama kwenye mwanga. Namba tatu ilikuwa safi kuliko zote, inang'aa kama asali mpya. Kitu cha kuokoa maisha ya watu lazima kiwe safi. Nikamimina hadi mstarini.

Mchana shemeji alipita. Kwa mara ya kwanza tangu niingie ukoo huu alinisifu: rafu imependeza. Kisha akauliza mafuta ya breki ni chupa ipi. Nikamjibu namba tatu, bila kupepesa. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia mtu wa stoo hajui, anaona. Akatoka anacheka peke yake hadi getini.

Kwa nini alicheka?

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda duka la spea, kuuliza kwa niaba ya rafiki.

Muuza spea ni mtu wa maneno mengi. Alisema mafuta ya breki yana koo mbalimbali. Kuna yale ya kawaida ya njano, ambayo magari karibu yote yanatumia. Kuna ya zambarau, ya gharama, hayachanganywi na ya njano hata tone. Na kuna magari machache yanayotaka mafuta ya madini, ya kijani. Gari la zamani ndilo la kuangaliwa zaidi, maana raba zake ni za zamani, na wenyewe wa mwanzo walitia walichojua wao. Ukitia mafuta yasiyo ya ukoo wake, raba ndani zinavimba. Siku mbili tatu breki zinashika vizuri. Halafu siku moja uko kwenye mteremko, unakanyaga, hakuna kitu.

Nikauliza, mteremko wa aina gani. Akasema, kwa mfano huu wa stesheni.

Akaniletea ya zambarau, rangi nzuri ajabu, nikashawishika kidogo. Kisha akaniuliza kama huyo rafiki yangu ameshatia kitu. Nikasema hapana. Akaniuliza mbona natoka jasho. Nikasema duka lina joto. Feni lilikuwa linanipepea usoni.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimejipa likizo ya ugonjwa, na si uongo.

Muuza spea alinidokezea kipimo: dondoshea maji. Mafuta ya kawaida ya breki yanayeyuka ndani ya maji kama sukari. Mafuta mengine yote yanaelea juu. Nikachukua glasi tatu za mke wangu, zile za wageni. Namba mbili: iliyeyuka, maji yakabaki maji. Namba nne: ilielea, na ina harufu ya viatu. Namba tatu: ilielea.

Nikarudia. Ilielea. Nikabadilisha glasi. Ilielea.

Sasa nakumbuka! Namba tatu ilitoka kwenye lile galoni lililofungwa kitambaa, lililokuwa limekaa juu ya jeki. Ni mafuta ya jeki. Nimetia mafuta ya jeki kwenye breki za baba mkwe. Nilikaa chini sakafuni.

Hatua ya kwanza ni ushahidi. Nilibeba chupa namba mbili hadi kwenye gari ili nilinganishe rangi, kifuniko sikukikaza, ikamwagika kidogo juu ya madgadi, lile bati linalofunika gurudumu la mbele. Nikaifuta kwa shati. Hilo angalau limepita salama.

Jumanne, 12 Agosti

Halijapita salama. Rangi ya madgadi imevimba na kubanduka, doa la ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kumbe mafuta halisi ya breki yanakula rangi! Kwa upande mmoja nimefurahi: sasa nina uhakika usio na shaka kwamba namba mbili ndiyo ya breki. Kwa upande mwingine, madgadi.

Nimefunika kwa kitambaa cha kufutia vioo, kana kwamba nilikisahau pale. Funika kombe mwanaharamu apite.

Nimenunua bomba la sindano famasi nivute yale mafuta yatoke. Nimevuta nusu kikombe. Lakini yaliyoshuka ndani ya mabomba siyafikii. Nikawasha gari nijaribu breki humu humu bandani. Gia hazikuingia! Pedeli ya klachi imekwenda chini na haikurudi, nikaivuta juu kwa mkono. Bahati mbaya haiji peke yake. Breki nimeziua mimi, na klachi nayo imeamua kufa wiki hii hii, yenyewe tu, kwa uzee.

Zimebaki siku tano.

Jumatano, 13 Agosti

Mipango niliyoifikiria leo. Kusema betri imeibwa. Kuwapokea wazee kwa teksi, niseme nimelionea huruma gari. Kumwambia shemeji aliendeshe yeye, kwa heshima.

Ule wa mwisho niliufikiria kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha nikakumbuka ndani ya gari watakuwamo baba, mama, na mke wangu. Nikaona haya peke yangu jikoni. Mke wangu aliniuliza kama tumbo linauma. Nikamwambia ndiyo. Akanichemshia maji, nami nikayanywa yote kama adhabu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Breki.

Huyu ndiye fundi wa breki wa mtaa mzima, mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nimemkwepa wiki nzima kwa sababu anatengeneza pia gari la shemeji, na ulimi wake hauna breki. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimweleza kwamba rafiki yangu mmoja ametia mafuta ya jeki kwenye gari la zamani. Aliuliza gari liko wapi. Nikasema bandani kwa baba mkwe.

Akanitazama juu ya miwani. "Kaka, rafiki yako anaingia banda la mkweo na funguo zako?"

Nikakiri yote. Rafu, chupa, makopo, glasi za wageni. Nilipofika kwenye kupanga kwa rangi aliomba nirudie, akamwita mwenye duka la jirani aje asikie. Wakacheka hadi akafuta miwani. Mimi nilicheka pia kidogo, ili nisionekane kuwa ndiye ninayechekwa.

Kesho anakuja. Nilimwambia namba mbili iko tayari, nimeithibitisha kwa maji na kwa madgadi, hakuna haja ya kununua. Akasema nikaitupe. Mafuta hayo yanakunywa unyevu wa hewa. Ukishayafungua na kuyahamisha chupa kwa chupa yameshaharibika, hata yawe ya ukoo gani. Kwenye breki unatia kopo jipya lililofungwa kiwandani, basi.

Yaani utafiti wangu wote! Nimepima, nimenusa, nimechoma rangi, ili nijue ni chupa ipi ya kutupa.

Ijumaa, 15 Agosti

NIMEPONA!

Niandike kwa utaratibu. Mama Breki alifika saa mbili asubuhi, akafungua boneti, akauliza nilitia kikopo kipi. Nikamwonyesha. Akavaa miwani. Akachukua tone kutoka pale kwa bomba langu la sindano, akalidondosha majini. Likaelea. Akachukua tone kutoka kikopo cha pili, kile nilichokiona kimejaa. Likayeyuka.

Akaniambia nisimame vizuri. Kisha akaniambia kwamba kikopo nilichotia si cha breki. Ni cha klachi. Magari ya enzi hizo yana vikopo viwili sawasawa, kimoja cha breki, kimoja cha klachi, na mimi nimekosea mafuta na nimekosea kikopo. Breki za baba mkwe sijazigusa hata siku moja. Ziko kama alivyoziacha.

Nilimkumbatia. Alinisukuma kwa sababu nilikuwa na grisi, au yeye ndiye alikuwa nayo, sikumbuki. Roho yangu imerudi mahali pake. Katika maisha yangu sijawahi kufurahi hivi kwa kuambiwa kwamba sijui kitu.

Akashusha mabomba ya klachi, akayasafisha, akanionyesha raba: zimevimba, laini, zinakatika kwa ukucha. Alisema hivi ndivyo zingekuwa za breki. Niliishika ile raba muda mrefu. Furaha ikanipungua kidogo.

Akatia raba mpya juu na chini. Akatoa kopo jipya la yale mafuta ya kawaida ya njano, daraja la nne la kiwandani, si chupa yangu namba nne, na akanieleza sababu zake: tone la kikopo cha breki limeyeyuka, kwa hiyo gari ni la ukoo huo, raba zilizomo aliwahi kuzibadilisha yeye mwenyewe, anazijua, na ya zambarau waachiwe wenye kupenda zambarau. Klachi na breki zote zinakunywa kopo moja. Na kwa kuwa mafuta ya breki yamezeeka, tuyabadilishe nayo.

Kutoa upepo kwenye mabomba kunataka mtu wa pili, wa kukanyaga pedeli. Mimi nilikanyaga mapema kila mara. Mama Breki alinivumilia magurudumu mawili, halafu akaenda uani kwetu akamwita mke wangu.

Kwa hiyo mke wangu anajua.

Alikaa kwenye usukani bila kuuliza. Kanyaga, anakanyaga. Shikilia, anashikilia. Achia, anaachia. Walimaliza kabla chai haijapoa. Fundi alipoondoka ndipo mke wangu aliponigeukia. Hakupaza sauti. Alisema angekuwamo humo yeye, na mama yake, na mimi ningekuwa nimeshika usukani nikijua. Nikamwambia nisingewapakia. Akasema hana hakika. Jumatano hata mimi sikuwa na hakika. Nilimwomba msamaha, wa kweli, bila maelezo ya ziada. Akasema nikaoshe glasi zake. Nimeziosha mara tatu.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama Breki ameliteremsha gari mlima wa stesheni mara mbili, mimi pembeni nimefumba macho. Linasimama kama limepigwa msumari. Anasema sasa hata mimi naweza kuliendesha.

Namba mbili, tatu na wenzao nimezipeleka kwa watu wa mafuta machafu. Rafu iko tupu, safi sana. Nimeitazama kwa uchungu.

Jumapili, 17 Agosti

Siku yenyewe! Nimefika stesheni kabla ya treni. Shemeji naye alijileta, akajibana kiti cha nyuma na dada yake na mama yake, magoti yamefika kidevuni. Baba mkwe mbele, miwani myeusi.

Katikati ya mlima, mkokoteni wa matofali ulitoka uchochoroni, ukasimama mbele yetu. Nikakanyaga. Gari likatulia, taratibu, bila kelele, pengo la mguu mmoja kati yetu na matofali. Mama mkwe hakuacha hata kusimulia habari za manesi. Nilitaka kulia. Kwenye kioo nilimwona mke wangu ananitazama, akaachia pumzi, akatabasamu. Nilimrudishia tabasamu hilo, na wenye mkokoteni wakadhani ni lao.

Baba mkwe akauliza pedeli imefanywa nini, maana anaona gari linashika kuliko alivyoliacha. Nikafungua mdomo niseme nimeishughulikia. Mke wangu akanitangulia. Alieleza kila kitu, kuanzia chupa ya kwanza. Shemeji alicheka hadi akajigonga paani.

Nyumbani mzee alivua miwani myeusi. Macho mapya! Kitu cha kwanza alichokiona duniani ni kitambaa juu ya madgadi, na cha pili ni kilichokuwa chini yake. Akakipapasa. Nikasubiri radi. Akaenda hadi bandani, akaitazama rafu tupu muda mrefu, akarudi.

Akasema, "Mwanangu, yale makopo nusu yake hata mimi sikuwa najua yana nini. Niliogopa kuyatupa tu."

Ningeweza kumbusu miguu. Alicheka yeye mwenyewe, mama mkwe akacheka, ikawa kicheko cha nyumba nzima. Shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyamaza, kwa sababu mzee alikuwa amenyanyua ufunguo. Alisema gari linataka mtu anayejua kukanyaga, kushikilia na kuachia pale anapoambiwa. Akampa mke wangu.

Shemeji alitoa macho. Mimi pia, lakini nilifurahi haraka kuliko yeye. Gari liko nyumbani kwangu. Kila mtu yuko mzima. Usiku wa leo nitalala bila kuota glasi.

Jumatatu, 18 Agosti

Mke wangu ameweka sheria, na nimezikubali zote kwa moyo mweupe. Naruhusiwa kuliosha. Naruhusiwa kulifuta vumbi. Boneti siifungui, hata nikisikia ndani yake mtu ananiita kwa jina. Nimeapa mbele ya mama yake. Mimi ni mtu mpya kabisa: siku hizi nauliza kwanza.

Leo nimeliosha vizuri, hadi chini, nimelala chali juu ya gunia. Chini ya injini, kwenye bakuli la chuma linalonuka mafuta, nimeona boliti moja kubwa, ya peke yake, imejaa tope, haijashika kitu chochote. Inachafua mandhari. Nimefikiri nimuulize mke wangu, lakini amelala, na kumwamsha mtu kwa boliti moja ni ukosefu wa adabu. Tena sheria inasema boneti, na boneti iko juu.

Nimeshapata spana inayoitosha.